Utoro Kazini: Daftari la Mahudhurio Linasema Nini?

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na walimu wa Kongwa

Kila asubuhi, katika kila ofisi ya umma na kila shule ya nchi hii, daftari la mahudhurio hufunguliwa mezani. Mtumishi huingia, huandika jina lake na saa aliyofika, hutia saini, kisha huenda mahali pake. Mwisho wa mwezi ukurasa hufungwa. Mwisho wa mwaka daftari hutiwa kabatini, na huko hukaa mpaka mchwa walifikie. Hutolewa siku moja tu: siku ambayo mkuu wa kazi amekasirika na anatafuta ushahidi wa kumwadhibu mtu mmoja.

Hiyo si kazi pekee ya daftari. Yaliyomo ndani yake ni habari za kazi yenyewe: lini inafanyika, lini inalala, na kwa nini inalala. Uongozi unaopiga vita utoro bila ya kulisoma daftari hilo unafanana na mganga anayetoa dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

ASIYEKUWEPO SI LAZIMA NI MTORO

Jambo la kwanza linalopasa kueleweka ni kwamba kutokuwepo kazini na utoro si kitu kimoja. Mfanyakazi aliye likizo hayupo kazini, lakini si mtoro. Mama aliyejifungua hayupo, lakini yuko katika haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 28 za likizo ya mwaka, siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Haki hizo hazikuletwa na upepo. Wafanyakazi wa nchi hii walizipigania tangu enzi za mkoloni, na kiongozi anayezihesabu kuwa ni uvivu anarudisha nyuma mapambano hayo.

Kundi la pili ni la wale wasiokuwepo kwa sababu ya kazi yenyewe: aliyeitwa semina, aliyekwenda wilayani kupeleka taarifa, aliyetumwa kusimamia mitihani. Kundi la tatu ndilo la watoro hasa, yaani wale walioacha kazi bila ya ruhusa na bila ya sababu inayoelezeka.

Lakini liko kundi la nne ambalo daftari halilioni kabisa. Humo yumo mtumishi ambaye saini yake ipo na koti lake linaning'inia kitini, lakini mwenyewe yuko kwenye duka lake sokoni. Yumo pia mwalimu aliyefika shuleni saa moja asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, ila muda mwingi wa kati aliumaliza chini ya mwembe huku darasa likijiendesha lenyewe. Mtu wa namna hiyo huitwa mtegaji, na madhara yake ni makubwa kuliko ya mtoro wa wazi, kwa kuwa mtoro hujulikana na nafasi yake huweza kuzibwa.

SOMO LA KARANGA

Kongwa ni mahali pafaapo sana kwa mazungumzo haya, kwa maana ardhi ya hapa ilishuhudia mojawapo ya makosa makubwa ya uendeshaji wa kazi katika historia ya Afrika Mashariki. Mwezi Novemba 1946 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Gharama zilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mwezi Januari 1951 mpango mzima ulifutwa, na hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36.

Waliopanga kazi ile hawakuwa wajinga wa kuhesabu. Walihesabu matrekta, ekari, tani na pauni. Walichokosa ni kupasoma mahali penyewe. Hawakuuliza kwa makini mvua za Ugogo hunyesha vipi, wala kwa nini udongo wa hapa hukauka kiangazi ukawa mgumu kama tofali. Wenyeji walikuwa na majibu ya maswali hayo, lakini mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla ya wao kuulizwa.

Kosa hilohilo lilifanywa kwa watu. Maelfu ya Waafrika waliajiriwa, na chakula katika sehemu hizi kikapanda bei kwa sababu mradi ulikuwa mnunuzi mkubwa. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo huo ukaenea kwenye njia ya reli kuelekea bara. Wafanyakazi wa mradi wa Kongwa nao waligoma, wakidai mshahara bora na chakula bora. Kwa mabwana wale, mtu aliyeacha kazi alikuwa mvivu, na maelezo yakaishia hapo. Kwa mkulima wa Kigogo mambo yalikuwa dhahiri: mvua zinapoanza kunyesha mwezi Desemba, jembe haliwezi kungoja, na mshahara wa kibarua haununui uwele usiopandwa.

Dharau hiyo ilikuwa na chombo chake. Katika mashamba ya mkonge na kwingineko Tanganyika, kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na alilipwa ilipojaa. Siku ambayo hakwenda kazini haikuandikwa. Kipande kilihesabu nguvu iliyotumika. Hakikuuliza kama mtu alikuwa mgonjwa, alikuwa na msiba, au alikuwa na njaa. Daftari la mahudhurio linalofungiwa kabatini bila ya kusomwa ni ndugu wa kipande kile.

BAADA YA UHURU

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, wito wa Taifa ulikuwa Uhuru na Kazi. Mwaka 1964 ilitungwa Sheria ya Usalama wa Kazi, iliyomkinga mfanyakazi na kufukuzwa ovyo, ikaanzisha Kamati za Wafanyakazi, na ikaweka kanuni za nidhamu ambazo ndani yake uchelewaji na utoro vilikuwa makosa yenye adhabu zake kwa ngazi. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na ukandamizaji.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba haki na wajibu ni ndugu wasioachana. Mahali fulani wafanyakazi waliutumia Mwongozo kuwaondoa wakuu waonevu, na walikuwa na haki. Mahali pengine wazembe walijificha nyuma ya Mwongozo huohuo, na mkuu aliyewauliza walikuwa wapi akaambiwa ana ubwana. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowaelekea zaidi watu wa mijini wasiokuwa na kazi. Swali ambalo sheria hiyo haikulijibu ni hili: je, mwenye kazi asiyeifanya anatofautiana vipi na asiye na kazi kabisa? Tofauti iliyopo ni kwamba huyu wa kwanza analipwa.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana mwaka 2016, Serikali ilipohakiki orodha za mishahara na kuondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000. Mtumishi hewa ni mtoro aliyekamilika: hajafika kazini hata siku moja, na mshahara wake haujachelewa hata mwezi mmoja. Asingeweza kudumu mahali ambapo daftari la mahudhurio linalinganishwa na orodha ya mishahara kila mwezi.

HASARA INAMWANGUKIA NANI?

Mwaka 2014 Benki ya Dunia, kwa kushirikiana na watafiti wa Tanzania, ilifanya uchunguzi katika shule za msingi nchini kwa kuzitembelea bila ya taarifa. Ilionekana kwamba walimu wapatao asilimia 14 hawakuwapo shuleni. Idadi hiyo ilikuwa imepungua kutoka asilimia 23 za mwaka 2010, na hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini walimu ambao hawakuwa darasani walikuwa karibu asilimia 47. Maana yake ni kwamba kwa kila walimu 100, 14 hawakufika shuleni, na 33 wengine walifika lakini hawakuwa mbele ya watoto. Siku ya masomo iliyopangwa kuwa ya saa karibu sita ilimpatia mtoto mafunzo ya chini ya saa tatu.

Ni vyema kuifanya hesabu hiyo kwa darasa moja. Mwalimu mwenye watoto 45 anayekosa kipindi kimoja cha dakika 40 haipotezei nchi dakika 40. Kila mtoto amepoteza dakika zake, na zikijumlishwa ni dakika 1,800, yaani saa 30. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha hasara. Mtoto wa ofisa mjini huweza kulipiwa masomo ya ziada jioni. Mtoto wa mfugaji wa pembezoni mwa Kongwa, aliyetembea mwendo mrefu alfajiri akiwa hajala, hana mwalimu mwingine wa kumkimbilia. Ndivyo ilivyo pia kwa mama aliyembeba mtoto mwenye homa mpaka zahanati, akakuta dirisha la dawa limefungwa kwa kuwa mwenye ufunguo hajafika. Utoro wa mtumishi wa umma ni kodi ya siri wanayotozwa wasiokuwa na uwezo.

Yafaa ikumbukwe kwamba hapahapa Kongwa, kuanzia miaka ya 1960, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wa wapiganaji wa FRELIMO waliopitia hapa. Katika kambi ya namna hiyo kila mtu huelewa, bila ya kuhubiriwa, kwamba mlinzi akiacha lindo, anayepatwa na balaa ni mwenziwe aliyelala. Darasa na zahanati navyo ni malindo.

JINSI YA KULISOMA DAFTARI

Kulisoma daftari hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Kunahitaji kalamu, karatasi na uaminifu. Chukua mfano wa ofisi yenye watumishi 20 katika mwezi wenye siku 22 za kazi. Siku zilizotarajiwa ni 440. Ikiwa zilizopotea ni 33, hasara ni asilimia 7.5. Mkuu wengi huishia hapo, wakaandika katika taarifa kwamba utoro umezidi na hatua kali zitachukuliwa. Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza.

Siku hizo 33 zichambuliwe. Tuseme 15 ni za mtu mmoja aliyelazwa hospitali. Nyingine 8 ni za watu wawili waliokwenda msibani, siku nne kila mmoja. Zinabaki 10, nazo ni za mtu mmoja mmoja, leo huyu na kesho yule. Kama zingegawanyika sawa kwa siku tano za juma, kila siku ingepata mbili. Ikionekana kwamba saba kati ya hizo zimeangukia Jumatatu, basi hilo si jambo la bahati. Utoro wa ofisi hiyo si siku 33. Ni siku 10, nao una jina na siku yake.

Ni lazima pia kutofautisha kukosekana mara moja kwa muda mrefu na kukosekana mara nyingi kwa muda mfupi. Mwalimu anayelazwa siku kumi mfululizo hutafutiwa mwenziwe wa kushika darasa lake. Mwalimu anayekosekana siku moja moja mara kumi hapatiwi mtu, kwa kuwa kila mara inadhaniwa kwamba kesho atakuja. Hesabu ya siku ni ileile, ila hasara ya pili ni kubwa zaidi. Hata sheria ina pengo hapa. Kanuni za mwaka 2007 zinataja kutokuwepo bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa zito liwezalo kumfukuzisha mtu. Anayekosa kila Jumatatu kwa mwaka mzima hupoteza siku karibu 50, wala hafikishi siku sita mfululizo. Wa kumtambua huyo ni mkuu anayesoma daftari na kumwonya mapema.

Hatimaye daftari lisomwe kwa miezi, na lilinganishwe na kalenda ya mahali. Hapa Kongwa miezi ya kupanda haifanani na miezi ya kuvuna, na siku ya mnada wa ng'ombe haifanani na siku nyingine. Afadhali kujua jambo hilo na kulipangia kuliko kushangaa kila mwaka.

KUZITAZAMA SABABU USONI

Uchambuzi ukifanywa kwa haki, utafichua mambo yasiyopendeza kwa pande zote mbili.

Kwanza, kilimo. Siasa ni Kilimo ilitangazwa Iringa mwaka 1972, na wakati wa Kilimo cha Kufa na Kupona, katika miaka ya 1974 na 1975, watumishi wenyewe walihimizwa kushika jembe. Mtumishi kuwa na shamba si dhambi, na mshahara wa wengi hauwatoshi bila ya shamba. Dhambi ni kulima katika saa zilizolipiwa. Dawa yake ni kupanga likizo za mwaka kwa zamu katika msimu wa kupanda, ili mtu alime kwa haki yake badala ya kulima kwa wizi.

Pili, misiba. Sheria ya 2004 iliweka angalau siku nne zenye malipo katika kipindi cha miezi 36 kwa ajili ya misiba ya jamaa wa karibu na ugonjwa au kifo cha mtoto. Mtu anayefiwa mbali atazimaliza siku hizo njiani. Desturi ya kuzikana ni utu, na haifai kubezwa. Lakini haiwezekani ofisi nzima ikafungwa kwa kumsindikiza mmoja. Wafanyakazi wenyewe wakubaliane nani ataiwakilisha ofisi na nani atabaki.

Tatu, umbali na makazi. Mwalimu anayepanga chumba mbali na shule kwa kuwa hakuna nyumba ya mwalimu atachelewa, hasa mvua zinapokata njia. Kumwandikia onyo kila juma bila ya kujenga nyumba ni kupoteza karatasi. Hapo kijiji kina nafasi yake, kama kilivyokuwa nayo wakati wa Elimu kwa Wote mwaka 1977, wananchi walipojenga madarasa kwa mikono yao.

Nne, wito wa wakubwa. Mara nyingi walioondoa walimu darasani ni ofisi zilezile zinazolalamikia utoro. Semina katikati ya muhula, taarifa inayotakiwa leo kabla ya saa sita, kikao kinachoitishwa saa mbili na kuanza saa tano: yote hayo yaandikwe katika safu yake na yajumlishwe. Wilaya ikiona idadi ya siku ilizozichukua yenyewe, itajifunza kuitisha vikao wakati wa likizo za shule.

Tano, mfano wa kiongozi. Mkuu anayefika saa nne hana kinywa cha kumwuliza aliyefika saa tatu. Siku hizi baadhi ya ofisi zimeweka mashine za kusoma alama ya kidole. Ni chombo kizuri, kwani hakionei wala hakipendelei. Lakini mashine hiyo hujua nani alipita mlangoni. Haijui nani alifanya kazi. Kazi hupimwa kwa kazi: madaftari ya wanafunzi yaliyosahihishwa, majalada yaliyojibiwa, wagonjwa waliohudumiwa.

NANI AANZE?

Mambo matatu yanawezekana bila ya kungoja fedha wala waraka kutoka juu. Mwisho wa kila mwezi, mkuu wa kazi na wawakilishi wa wafanyakazi waketi pamoja na kuzichambua siku zilizopotea kwa makundi yake. Matokeo, bila ya kutaja siri ya ugonjwa wa mtu yeyote, yasomwe mbele ya wafanyakazi wote, na siku alizokosa mkuu mwenyewe zikiwemo. Shuleni, kamati ya shule ipewe hesabu ya vipindi vilivyopangwa na vilivyofundishwa, kwa kuwa wazazi ndio wenye watoto.

Baada ya hapo, anayeumwa atibiwe, aliye mbali asogezwe, aliyezidiwa na vikao apunguziwe. Na yule atakayebaki bila ya sababu, baada ya sababu zote kuondolewa, achukuliwe hatua bila ya haya. Adhabu hiyo wenziwe wataiona kuwa ya haki, kwa sababu watakuwa wameiona hesabu.

Ndugu Watumishi, Ndugu Walimu, mradi wa karanga ulikufa ukiwa na mashine nyingi na hesabu nyingi. Uliopungukiwa nao ni udadisi wa kuwauliza wenye mahali. Waingereza walipoondoka walikwenda na hasara yao, na waliilipa kwa kodi za kwao. Hasara ya darasa lisilo na mwalimu haina mahali pa kwenda. Itabaki hapahapa Kongwa, katika maisha ya watoto wa Kongwa. Kesho asubuhi daftari litafunguliwa tena mezani. Atakayetia saini atie kwa haki, na mwenye dhamana ya kulifunga alisome kwanza.